UZI: Arsenal walivyobaki na mabeki wazee huku wakitafuta warithi wao, 1996 hadi 2004

#1 (mleta mada)

Wakuu, heshima zenu.

Kila dirisha la usajili linapokaribia, hoja huwa ileile: beki fulani ametimiza miaka 33, aondoke, kijana apewe namba. Anayesema hivyo huwa anahesabu miaka ya mtu mmoja, wakati ulinzi huchezwa na watu wanne pamoja na golikipa wao. Naomba tulijadili jambo hili kwa kutumia klabu ninayoifuatilia tangu ujana wangu, Arsenal, kuanzia Arsène Wenger alipoingia kazini Oktoba 1996 hadi mwisho wa msimu wa 2003/04, kwa sababu katika miaka hiyo minane klabu hiyo ilipita karibu kila hali inayoweza kuikuta timu yenye mabeki wanaozeeka.

Wenger alikuta mabeki watano waliokwisha kufikisha miaka 30 au kuivuka. Steve Bould alikuwa anakaribia 34, Nigel Winterburn anakaribia 33, Lee Dixon alikuwa na 32, Martin Keown 30, na nahodha Tony Adams alitimiza 30 siku mbili tu kabla ya mechi ya kwanza ya kocha huyo, iliyochezwa Blackburn tarehe 12 Oktoba. Ukimtoa Keown, wengine walikuwa wamejengwa na kocha wa zamani wa klabu, George Graham, na ndio waliokuwa katika timu iliyoruhusu mabao 18 tu kwa msimu mzima wa 1990/91. Watu wengi walitarajia kocha mgeni kutoka Ufaransa, aliyekuwa akifundisha Japani, awafagie wote. Hakuwafagia. Alibadilisha chakula chao, akaleta mazoezi ya kunyoosha viungo kila siku, akabana ulevi uliokuwa jambo la kawaida katika soka la Uingereza wakati ule. Adams mwenyewe alikuwa ametangaza hadharani mwezi mmoja kabla kwamba ni mlevi na anatafuta tiba.

Matokeo mnayajua. Mei 1998, pale Highbury, uwanja wao wa nyumbani wakati ule, dhidi ya Everton, Bould aliyetokea benchi alimdokolea Adams mpira juu ya ukuta wa wapinzani, Adams akaupokea na kufunga kwa mguu wa kushoto bao la nne, siku ubingwa ulipopatikana. Namba tano anampa namba nne, mabeki wa kati wote wawili, pasi ya mwisho, wote wakiwa wamevuka miaka 30. Msimu uliofuata timu iliruhusu mabao 17 katika mechi 38, pungufu hata ya yale ya Graham, na ikakosa ubingwa kwa tofauti ya pointi moja.

Wengi huishia hapo na kusema kwamba wazee wanalipa. Mimi naomba tusogee mbele kidogo. Mabao yaliyoruhusiwa kwenye ligi katika misimu mitano iliyofuata ni haya: 43, kisha 38, kisha 36, kisha 42, kisha 26. Yaani kutoka ukuta wa wazee hadi ukuta wa warithi wao, klabu ilikaa misimu minne ikivuja, ingawa katikati ya misimu hiyo ilichukua ubingwa wa 2002 kwa nguvu ya washambuliaji wake. Bould alikwenda Sunderland mwaka 1999, Winterburn West Ham mwaka 2000, majeraha yakawa yanamweka Adams nje mara kwa mara, na Emmanuel Petit, ambaye pamoja na Patrick Vieira ndiye aliyekuwa akiwakinga wazee hao wasikimbizwe ovyo, akauzwa Barcelona mwaka huohuo wa 2000. Ni rahisi kuwa beki mzuri wa miaka 35 ukiwa na Vieira na Petit mbele yako.

Je, kijana hakuwepo? Alikuwepo. Matthew Upson alinunuliwa kutoka Luton mwaka 1997 akiwa na miaka 18, na kipaji chake hakikuwa cha kutiliwa shaka. Lakini mbele yake walisimama Adams, Keown na Bould, watatu wanaogombea nafasi mbili, na hakuna kocha anayemtoa mzee aliyeruhusu mabao 17 ili amjaribu kijana. Upson alipata mechi za kuokoteza, akaumia, akarudi, na Januari 2003 akauzwa Birmingham. Miezi michache baadaye alikuwa anaichezea timu ya taifa ya Uingereza.

Matokeo ya pengo hilo niliyaona kwa macho yangu tarehe 25 Februari 2001. Nilikuwa nimesimama nyuma kabisa katika banda la kuonyeshea mpira, benchi zote zimejaa, kiingilio nimelipa kwa sarafu. Adams na Keown hawakucheza. Katikati walipangwa Igor Stepanovs na Gilles Grimandi. Manchester United walikuwa wamefunga matano kabla ya mapumziko, matatu ya Dwight Yorke ndani ya dakika 22, na mechi ikaisha 6-1. Ninachokikumbuka zaidi ya mabao ni uwazi uliokuwa kati ya wale mabeki wawili: kila mmoja alikuwa anamtazama mshambuliaji, na hakuna aliyekuwa anamtazama mwenzake. Mzee mmoja pale bandani alisema kwa sauti, "Hawa leo ndio wanajuana majina."

Na tazameni umri wao: Stepanovs alikuwa na miaka 25, Grimandi 30. Hawakuwa watoto. Tatizo lao lilikuwa kwamba wote wawili walikuwa wageni wa kazi ile, na hapakuwa na mwenyeji katikati.

Sasa linganisheni na fainali ya Kombe la FA ya tarehe 4 Mei 2002, Cardiff, dhidi ya Chelsea. Kulia alicheza Lauren, katikati Sol Campbell, kushoto Ashley Cole aliyekuwa na miaka 21, na pembeni ya Campbell alisimama Adams mwenye miaka 35. Wapya watatu, mzee mmoja. Arsenal walishinda 2-0. Hiyo ndiyo hoja yangu: klabu isiulize kama mzee abaki au aondoke, iulize ni mzee yupi atakayecheza bega kwa bega na kijana yupi, na jambo hilo lianze msimu mmoja au miwili kabla ya kulazimika.

#2

Mkuu, uzi mzuri na takwimu zako hazina ubishi, lakini hitimisho lako limempa Wenger sifa ya kupanga mambo ambayo kwa sehemu kubwa yalimtokea tu.

Ashley Cole hakuandaliwa pembeni ya mzee yeyote. Winterburn alipoondoka, namba ya beki wa kushoto ilikuwa ya Sylvinho, Mbrazili aliyesajiliwa mwaka 1999, na Cole mwenyewe alikuwa amepelekwa kwa mkopo Crystal Palace. Nafasi yake ilifunguka Sylvinho alipokosekana, akaingia na hakutoka tena. Lauren alinunuliwa kutoka Mallorca akiwa kiungo, akageuzwa beki ukubwani. Campbell alitoka Tottenham mwaka 2001 bila ada ya uhamisho, akiwa na miaka 26 na tayari ni beki kamili wa taifa, na usajili wa namna ile, wa nahodha kuvuka upande wa pili wa mji bila klabu yake kupata hata senti, hutokea mara moja katika kizazi.

Kwa hiyo kati ya hao watatu, aliyekuzwa na klabu ni mmoja, naye aliingia kwa mlango wa dharura. Huo ni usajili mzuri pamoja na bahati. Usiuite malezi.

#3

Naomba nichangie kama mtu aliyewahi kuvaa njumu, ingawa ni za mchangani.

Nilikuwa na miaka 19 nilipoanza kucheza namba tano katika timu ya mtaa wetu, na namba nne alikuwa kaka mmoja fundi seremala, mwenye miaka karibu 40, ambaye hakuwa na mbio hata za kumkimbia mbwa. Katika mechi yangu ya kwanza ya ndondo alinishika jezi kwa nyuma, kwenye kiuno, kila walipopiga mpira mrefu. Nikitaka kupanda ananivuta. Akitaka tupande wote ananiachia na kunisukuma kwa kiganja. Hakusema neno dakika zote za kipindi cha kwanza. Baada ya mechi kama nne hivi aliacha kunishika, na mimi nikajikuta nasimama palepale ambapo mkono wake ungenivutia.

Nilikuja kuelewa baadaye kwamba yeye alikuwa hafuati mpira. Alikuwa anatazama mguu wa kiungo wa wapinzani. Mguu ukienda nyuma ili kupiga mbali, yeye ameshaanza kurudi hatua tatu, na kwa hiyo hakuhitaji mbio. Jambo hilo kocha alinieleza mara nyingi ubaoni na sikulielewa, kwa sababu ubaoni hakuna anayekimbia.

Ndiyo maana naungana na mleta mada kuhusu Upson. Kukaa benchi ukimtazama Adams ni kama kutazama mechi kwenye banda, tofauti ni kiti. Lazima ucheze naye.

#4

Hoja ya mleta mada ingekuwa na uzito zaidi kama angeleta na AC Milan, kwa sababu wao waliwabakiza wazee kuliko klabu yoyote kubwa ninayoifahamu, na wakalipwa kwanza kabla ya kulipishwa.

Alessandro Costacurta alistaafu Mei 2007 akiwa na miaka 41, na katika mechi yake ya mwisho dhidi ya Udinese alifunga penalti. Siku chache baadaye, Athens, Paolo Maldini akiwa na miaka 38 alinyanyua kombe la Ligi ya Mabingwa baada ya kuwafunga Liverpool 2-1. Pembeni yake alikuwa Alessandro Nesta wa miaka 31, na mabeki wa pembeni, Oddo na Jankulovski, nao walikuwa wa rika hilo. Maldini aliendelea hadi 2009 na kumaliza na mechi 902. Klabu ilikuwa imeanzisha maabara yake ya afya ya wachezaji, Milan Lab, tangu 2002, na lazima tukiri kwamba kuwatunza wazee walijua.

Lakini kijana mmoja aliyelelewa katika akademi yao, Matteo Darmian, aliyepewa mechi yake ya kwanza ya Kombe la Italia mwaka 2006 akiwa na miaka 16, hakupata nafasi ya kudumu na akaachiwa kwenda Palermo mwaka 2010. Akapitia Torino na Manchester United, kisha akatwaa ubingwa wa Italia mara mbili akiwa na Inter. Inter, wakuu, wapinzani wao wa mji uleule, si klabu nyingine! Mshabiki wa Milan hawezi kulimeza hilo bila maji.

Hata hivyo, Milan hao hao ndio wanaothibitisha maneno ya ndugu wa #3. Thiago Silva aliwasili kutoka Fluminense kipindi cha majira ya baridi ya 2008/09, na kwa sababu nafasi za wachezaji wasio wa Umoja wa Ulaya zilikuwa zimejaa, hakuruhusiwa kucheza mechi za mashindano hadi msimu uliofuata. Nusu msimu mzima alifanya mazoezi tu, akiwa na Maldini katika miezi ya mwisho ya mzee huyo uwanjani. Kisha alicheza na Nesta, na mwaka 2011 walichukua ubingwa wakiwa wameruhusu mabao 24.

Kosa lilikuja mwaka 2012. Katika kiangazi kimoja waliondoka Nesta, Gattuso, Seedorf, Inzaghi na Zambrotta, na papo hapo Thiago Silva akauzwa Paris Saint-Germain. Mzee na mrithi wake walipita mlango mmoja, wiki zikiwa chache kati yao. Msimu wa kwanza walijikokota hadi nafasi ya tatu, wa pili wakawa wa nane, wa tatu wa kumi.

#5

Na Manchester United 2014 msiwasahau. Rio Ferdinand, Nemanja Vidić na Patrice Evra waliondoka kiangazi kimoja. Warithi walikuwa wamenunuliwa mapema kabisa, Smalling mwaka 2010 na Jones mwaka 2011, na Jonny Evans alikuwa mtoto wa nyumbani, kwa hiyo kwenye karatasi mpango ulikuwepo. Mechi ya kwanza ya ligi ya kocha mpya Louis van Gaal, nyumbani dhidi ya Swansea, walipanga mabeki watatu: Jones, Smalling na Tyler Blackett wa miaka 20 aliyekuwa anacheza mechi yake ya kwanza. Wakafungwa 2-1. Siku kumi baadaye MK Dons, timu ya daraja la tatu, wakawachapa 4-0 katika Kombe la Ligi. Kama mmoja tu kati ya wale wazee watatu walioondoka angebakizwa kwa mwaka mmoja, hata kwa mechi 15, sidhani kama Blackett angeanza maisha yake kwa namna ile.

#6 (mleta mada)

Nawashukuru wote. Nianze na mkuu wa #2, kwa sababu amenibana mahali panapouma.

Kuhusu Cole nakubali. Mlango wake ulikuwa wa dharura, na nilikosea kumweka katika mpango. Lakini kumbuka alipoingia msimu wa 2000/01 aliwakuta Dixon, aliyekuwa na miaka 36 na bado anacheza mechi nyingi upande wa kulia, Keown, Adams alipokuwa mzima, na David Seaman langoni. Kijana mmoja katikati ya watu wanne waliojuana kwa miaka. Hata kama hakuna aliyepanga, hali aliyoingilia ndiyo hali ninayoitetea.

Mfano wenye mpango ni Kolo Touré, ambaye sikumtaja na nilipaswa kuanza naye. Alinunuliwa kutoka ASEC Mimosas ya Abidjan mwaka 2002 kwa pauni 150,000, fedha ambayo hata wakati ule ilikuwa ya nauli. Msimu wake wa kwanza alirushwarushwa, mara kiungo, mara beki wa kulia. Kiangazi cha 2003 Wenger akampeleka katikati, akiwa na miaka 22, pembeni ya Campbell mwenye miaka 28 kwenda 29, huku Keown wa miaka 37 akibaki kikosini. Hapo ngazi ilikuwa kamili: anayejifunza, anayejua, na anayekumbuka. Msimu huo ndio wa mabao 26 bila kupoteza mechi, ushindi 26 na sare 12.

Jambo la pili ni mikataba. Wenger alikuwa na desturi ya kuwapa wachezaji waliovuka miaka 30 mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Wachezaji hawakuipenda, na Robert Pires, ingawa si beki, aliondoka kwenda Villarreal mwaka 2006 kwa sababu hiyo. Binafsi naona kwa mabeki desturi hii ina akili, kwa kuwa inamlazimisha kocha kuliuliza swali la urithi kila mwaka badala ya kulisahau kwa miaka mitatu. Ubaya wake ni kwamba mzee asiye na uhakika wa kesho hana sababu ya kumfundisha anayekuja kuchukua namba yake. Lazima awe na kitu kingine cha kutazamia. Bould, kwa mfano, alirudi kuwafundisha vijana, na kikosi chake kikatwaa Kombe la FA la Vijana mwaka 2009, kabla hajawa msaidizi wa Wenger mwaka 2012.

#7

Swali dogo kwa wanaojua kanuni. Je, mzee akibaki hamnyimi kijana nafasi katika orodha ya usajili?

#8

Kwa Ligi Kuu ya Uingereza, mkuu, hapana. Tangu msimu wa 2010/11 orodha ni ya wachezaji 25, lakini walio chini ya miaka 21 hawahesabiwi humo. Mzee anachukua nafasi moja ya 25, kijana hachukui yoyote. Kinachogombewa ni dakika za uwanjani na bajeti ya mishahara.

Anayeminywa kweli na kanuni hizi na soko ni yule wa katikati, wa miaka 23 hadi 27, na hapa Chelsea wanatufundisha. Thiago Silva huyohuyo aliyefunzwa Milan alifika London mwaka 2020 akiwa na miaka 35, akachukua Ligi ya Mabingwa mwaka uliofuata, akakaa hadi 2024. Mzee alitunzwa vizuri sana. Lakini mwaka 2021 waliuzwa Fikayo Tomori na Marc Guéhi, wote wa akademi, na mwaka 2022 Rüdiger na Christensen wakaondoka bure mikataba ilipokwisha. Nyumba ikabaki na babu na wajukuu, baba hawapo. Ikabidi wamnunue Koulibaly wa miaka 31, Fofana wa miaka 21, halafu Badiashile Januari, na msimu huo wa 2022/23 wakamaliza nafasi ya 12.

#9

Mkuu wa #8 umesema la maana kuhusu wa katikati. Hata Arsenal ya 1999 kasoro ilikuwa ileile: mabeki wa kati wa miaka 32 na 36 upande mmoja, Upson wa 20 upande wa pili, na katikati hakuna mtu wa miaka 26. Campbell alipokuja ndipo pengo lilizibwa. Ninaona sasa kwamba hoja ya mleta mada na ya #2 zinakutana hapo.

#10 (mleta mada)

Nakubaliana na #9, na ningekuwa na uwezo wa kuhariri andiko la kwanza ningeanzia hapo.

Nimalizie na Keown kwa sababu kuna aliyeniuliza faraghani kama mzee wa miaka 37 hakuwa mzigo msimu ule. Kanuni za wakati huo zilidai mchezaji afikishe mechi kumi za ligi ndipo apewe medali ya ubingwa. Ilipofika mechi ya mwisho, tarehe 15 Mei 2004 dhidi ya Leicester, Keown alikuwa na tisa. Wachezaji wenyewe husimulia kwamba Ray Parlour, aliyekuwa naye benchi, alianza kupasha misuli na kujifanya ndiye anayeingia kuchukua nafasi ya mwisho ya kubadilisha, na Keown akapandwa na jazba akamfukuza pembeni ya uwanja. Aliingizwa dakika ya 87, Arsenal wakiongoza 2-1. Katikati ya ulinzi alimkuta Touré, ambaye msimu mzima alikuwa amecheza namba iliyokuwa yake.